Ziwa Limefunguka, Mimi Sikuwa Tayari

Mwaka 2023 ziwa dogo lililo jirani na kwetu hapa Minnesota lilifunguka wiki ya tatu ya Aprili. Nasema "lilifunguka" kwa sababu sijapata neno jingine. Kuanzia mwanzoni mwa Desemba maji hufunikwa na barafu, nayo hukomaa mpaka ikabeba hata gari, watu wakapita juu yake kama wanapita uwanjani. Halafu siku moja ya Aprili unapita asubuhi unaona utando wa kijivu wenye nyufa, unapita jioni upepo umeusukuma wote ng'ambo na mawimbi madogo yanapiga ufukweni kama vile hayakuwahi kukoma. Nilisimamisha gari kando ya barabara nikashuka kuyasikiliza. Sikuwa nimeshika ndoano tangu Oktoba. Miezi sita.

Mimi ni mtu wa Ukerewe. Baba yangu alivua dagaa kwa karabai, na kwetu likizo ya mvuvi ni mbalamwezi. Mwezi ukikomaa taa haina nguvu ya kuwakusanya dagaa, kwa hiyo kazi husimama siku kama kumi, kisha giza linarudi na watu wanarudi ziwani. Zaidi ya hapo hakuna likizo. Nilipofika Marekani na kuyaona maziwa ya huku niliyadharau kidogo, nakiri. Mille Lacs, mojawapo ya maziwa makubwa na mashuhuri ya jimbo hili, eneo lake lote linakaribiana na la kisiwa chetu cha Ukerewe. Sasa mtu aliyekulia kisiwani, katikati ya Ziwa Victoria, utamfundisha nini kuhusu ziwa lenye ukubwa wa kisiwa chake?

Dharau hiyo ilinigharimu dola 920 katika majira hayo ya kuchipua, bila kuhesabu simu iliyokufa maji, na kidogo inigharimu kitu kisicholipika. Nayaandika haya kwa sababu kila mwaka namwona Mswahili mwenzangu amenunua boti kuukuu kwa furaha, na ninajua Aprili yake itakuwaje.

Makosa yangu yote ya Aprili niliyafanya Oktoba.

Boti yangu ni ya alumini, futi 16, mashine ya farasi 25. Niliinunua mwaka 2021 kwa mtu aliyekuwa anahama. Siku ya mwisho kuvua mwaka 2022 nilikuwa nimetoka zamu ya usiku, kwani kazi yangu ni kutunza wazee, na vidole vimekufa ganzi kwa baridi. Niliivuta boti mpaka nyuma ya nyumba, nikaitupia turubai, nikaingia ndani kunywa chai. Nitaishughulikia wikiendi, nikajisemea. Wikiendi ikaja na theluji.

Ningekumbuka tu jinsi nilivyolelewa. Siku za mbalamwezi ndizo ambazo baba alichoka kuliko zote. Mtumbwi ulivutwa mchangani ukapinduliwa, tukaukagua ubao kwa ubao, penye mwanya tukaziba kwa kalafati. Nyavu zilitundikwa, matundu yakashonwa. Karabai zilifunguliwa zikasafishwa masizi. Ukimkuta amelala mchana wakati wa mwezi, ujue anaumwa. Giza likiingia tena yeye alikuwa anasukuma mtumbwi tu. Mimi nilipewa mbalamwezi ya miezi sita nikaitumia kulala.

Ngoja nieleze kilichotokea chini ya turubai lile wakati mimi nimelala.

Chini kabisa ya mashine, pale propela inapoungana na shafti, kuna oili ya gia. Ina sili za kuzuia maji, na sili huchakaa. Zikichakaa maji huingia kidogo kidogo na kuchanganyika na oili. Kwetu hilo lingekuwa tatizo la kutu, ungekwenda nalo miezi. Huku ni tatizo la barafu: maji yakiganda hutanuka, na chuma kilichoyazunguka hakikubali kutanuka nayo. Kinachofuata ni ufa. Kuligundua hilo mapema ni kazi ya dakika ishirini. Kabla ya baridi kali, fungua skrubu ya chini, kinga oili kwenye kopo, itazame. Ikitoka nyeusi au ya kahawia iliyo safi, weka mpya ufunge. Ikitoka nyeupe kama chai ya maziwa, maji yameingia. Mwaga yote, weka mpya, na peleka sili zibadilishwe. Oili yenyewe ni dola 15 hivi. Mimi sikufungua.

Petroli nayo niliiacha kwenye tanki bila dawa ya kuitunza, na petroli ya huku yenye ethanoli ikikaa miezi sita inaacha utomvu unaoziba vijitundu vya kabureta. Betri niliiacha nje, ikaishiwa chaji, na betri isiyo na chaji huganda ikapasuka. Mishipi yote niliiacha imezungushwa kwenye rili zake, nitaisimulia baadaye. Na panya. Panya wa huku wanatafuta mahali pa joto kama sisi tu. Mmoja alijenga nyumba ya kifahari ndani ya jaketi okozi la mwanangu na akatafuna waya za taa. Siku hizi majaketi yanalala ndani ya nyumba, kwenye kabati, hata mke wangu akinuna.

Majira ya baridi yenyewe sina mengi ya kuyasema. Yalikuwa marefu, eneo la Minneapolis na St. Paul lilipata takriban inchi 90 za theluji, na kuna siku niliiona turubai ya boti kama kichuguu cheupe tu. Mara moja, Januari, kaka mmoja Mkenya tunayefanya naye kazi alinichukua kuvua juu ya barafu. Unatoboa shimo, unatumbukiza ndoano, unakaa kwenye ndoo. Nilivumilia saa mbili. Nilitoka na jambo moja kichwani, kwamba mtu anaruhusiwa mishipi miwili, na jambo hilo likaja kunitia aibu.

Sasa siku yenyewe. Ilikuwa Ijumaa, nimetoka kazini saa moja asubuhi, sikulala. Jua linawaka, vijana wa mtaani wamevaa fulana, na mimi nikadanganyika na jua kama wao. Jambo moja nililifanya sawa, tena kwa bahati. Nilipita dukani kununua chambo, muuzaji akaniuliza kama nina leseni, nikamwonyesha ile niliyokata Juni iliyopita nikidhani ni ya miezi kumi na miwili. Leseni za huku wakati ule zilianza Machi 1 na kuisha siku ya mwisho ya Februari, hata kama uliikata Januari. Yangu ilikuwa imekufa wiki saba. Nikakata nyingine palepale, dola 25 na nyongeza ndogo ya wakala. Kagueni tarehe za leseni zenu.

Nikarudi nyumbani, nikaifunga trela nyuma ya gari, nikaenda ziwani peke yangu.

Kuna kitu kinaitwa kizibo. Nyuma ya boti, chini, pana tundu la kutolea maji, ukubwa wake kidole gumba. Huku sheria inataka ukitoka ziwani uzibue tundu hilo, maji yote yamwagike, na usafiri nalo likiwa wazi. Sababu yake mtu wa Ziwa Victoria anaielewa bila kuhubiriwa. Sisi tuliletewa magugu maji, wao wameletewa kome wadogo wenye milia kama punda milia, wanaosafiri kutoka ziwa hadi ziwa ndani ya maji yaliyobaki kwenye boti, na wakishaingia hawatoki. Kwa hiyo Oktoba nilikitoa kizibo kwa utiifu mkubwa nikakitia mfukoni mwa koti. Koti likaenda kabatini. Na mimi, Aprili, nikairudisha trela nyuma mpaka boti ikaelea, nikaifunga kamba kwenye gati, nikaenda kuegesha gari kule juu nikipiga mluzi.

Niliporudi mkia wa boti ulikuwa umeshuka. Betri, tangi la mafuta na mashine vyote viko nyuma, kwa hiyo inaanza kuzama kwa nyuma. Maji yalikuwa yamepita sakafu na ndoo yangu ya chambo inaelea. Mtu mwenye akili angerudi kuchukua trela. Mimi nilikimbia, nikavuta kamba, nikatia mguu mmoja ndani ya boti, mwingine umebaki kwenye gati. Boti ikasogea.

Nimepiga mbizi Ukerewe tangu sijaota meno ya ukubwani. Nilikuwa naogelea kutoka mwambani hadi mtumbwini kwa mashindano. Maji yale yalinifika kidevuni tu, miguu inagusa tope, na bado nilikuwa karibu kufa. Kichwa kilipozama kifua kilivuta pumzi chenyewe, bila idhini yangu, na nusu ya pumzi hiyo ilikuwa maji. Nilipoibuka sikuweza kupiga kelele. Nilikuwa nahema kama mbwa, haraka haraka, hewa haiingii. Gati lilikuwa juu ya maji futi moja na nusu. Nikalishika, nikajivuta, vidole vikafunguka vyenyewe. Nikajaribu tena, vikafunguka tena. Jaketi langu okozi nililiona vizuri kabisa: lilikuwa juu ya kiti cha boti, ndipo ninapolikaliaga.

Aliyenitoa ni mzee mmoja mwenyeji aliyekuwa anavua kwa utulivu upande wa pili wa gati. Hakuingia majini. Alilala kifudifudi, akaninyooshea upondo wa kuvutia boti, akanivuta taratibu mpaka kwenye mteremko wa zege ambako niliweza kutambaa. Alinivua koti, akaniingiza kwenye gari lake, akafungulia hewa ya moto mpaka mwisho. Halafu akarudi kuifunga boti yangu isichukuliwe na maji. Hakunisema neno baya. Aliniuliza tu, "Kizibo?" Nikaitikia kwa kichwa. Akasema hata yeye, mwaka juzi.

Baadaye nilijifunza kanuni ambayo huku inafundishwa hata watoto, kwa tarakimu tatu: moja, kumi, moja. Ukianguka kwenye maji ya baridi kali una kama dakika moja ya kuitawala pumzi yako. Usifanye lolote ila kuweka kichwa juu na kuhema mpaka itulie. Una kama dakika kumi ambazo mikono na miguu bado inakutii. Hizo ndizo za kutoka. Na una kama saa moja kabla baridi yenyewe haijakuzimisha fahamu. Watu wengi hawafi kwa ile saa. Wanakufa ndani ya ile dakika ya kwanza, au zile kumi, na jaketi ndilo linalokuvusha hapo, maana kuogelea unakojua hakupo tena. Hewa ya nje haikupi habari yoyote ya maji. Ziwa lililotoka kuyeyuka siku tatu nyuma lina baridi ileile, hata watu wavae kaptula.

Kinachoniuma ni kwamba mimi si mtu wa kufundishwa umuhimu wa jaketi. Septemba 20, 2018, kivuko cha MV Nyerere kilipopinduka kikikaribia gati la Ukara, nilikuwa hapahapa Minnesota, nimekaa kitandani na simu, nauliza jina moja moja. Zaidi ya watu 220 walikufa siku hiyo huku nchi kavu ikionekana. Nilisema maneno mengi wakati ule kuhusu uzembe. Miaka mitano haijaisha, jaketi langu ni mto wa kukalia.

Mke wangu alinipokea mlangoni nikiwa nimevaa suruali ya yule mzee. Hakufoka. Alinichemshia tangawizi, akanivisha soksi pea mbili, akasubiri nimalize kutetemeka. Kisha akasema, "Baba Neema, ukirudi kule bila kulivaa lile jaketi, atakayempigia mama yako simu si mimi." Tangu siku hiyo nalivaa kuanzia kwenye gari.

Bili ilikuwa hivi. Fundi aliikuta nyumba ya gia ina ufa wa urefu wa kidole, vipuri na kazi dola 640. Kabureta kusafisha, 130. Betri mpya, 115. Mishipi, ndoano na vikorokoro, 35. Na mafundi wa boti mwezi wa Aprili wana foleni kama ya hospitali. Nilisubiri zaidi ya wiki mbili. Kama una kasoro unayoijua, ipeleke Februari, wakati fundi anakunywa kahawa.

Nikabaki mvuvi wa ufukweni. Kumbe huko ndiko kulikuwa na darasa.

Nilianza na ninachokijua, yaani giza na alfajiri. Siku ambazo sikuwa na zamu niliamka saa kumi usiku, nikasimama penye kina, palepale nilipopata samaki Oktoba. Asubuhi nne sikupata hata wa kuombea chumvi. Siku ya tano nilimkuta yule mzee saa nane mchana anashuka na kiti chake, ametoka kulala usingizi wake kamili. Nikamfuata kama mtoto.

Jinsi alivyonieleza, na jinsi nilivyokuja kuona mwenyewe, ni hivi. Maji huwa mazito kuliko wakati wowote yakiwa na nyuzi 4 za Selsiasi. Barafu ikiyeyuka, maji ya juu yakifika hapo yanazama, upepo unakoroga, na ziwa zima linakuwa na baridi moja kutoka juu hadi chini. Kule kwenye kina hakuna nafuu yoyote. Nafuu inaanzia kwenye vihori vifupi, vyenye tope jeusi, hasa upande wa kaskazini wa ziwa, kwa sababu jua la huku linapita kusini na linaupiga ufuko ule moja kwa moja, na upepo wa kaskazini unakingwa na miti. Tope jeusi linanywa joto. Kufikia saa tisa alasiri, kihori kama hicho kinaweza kuizidi sehemu nyingine kwa nyuzi kadhaa, wadudu wanaamka, na samaki wadogo wa kula wanakuja kuota jua kama mamba. Usiku joto linapotea, na wao wanaondoka. Alfajiri yangu tukufu ndiyo ilikuwa saa mbaya kuliko zote.

Kwa mtu wa zamu ya usiku hii ni neema. Unatoka kazini, unalala, unakwenda saa nane, unarudi kupika.

Wanaokuja mwanzo huku ni aina mbili, krapi na sanfishi, na hao hawana msimu wa kufungwa. Chambo kiwe kidogo kuliko unavyodhani, kiningʼinie futi moja au mbili tu chini ya boya, na mkono utulie. Samaki wa maji baridi hana haraka, haparamii, anaonja. Nilikosa wengi kwa kusubiri boya lizame. Halizami. Linainama kidogo kama mtu anayesinzia kanisani, na hapo ndipo unapoinua.

Krapi wangu wa kwanza mkubwa aliukata mshipi kama uzi wa buibui. Mshipi wa nailoni ukikaa miezi sita umejikunja kwenye rili unakariri mkunjo wake. Ukitupa unatoka kama springi ya kitanda, unajifunga mafundo, na kwenye kila fundo ndipo unapokatikia. Mpya ni dola nane. Ndoano nazo nilizipapasa kwa ukucha, nusu zina kutu na butu. Hayo yote yangeweza kufanywa mezani Februari, ninatazama mpira.

Siku ile ile ya krapi nilikuwa nimechomeka fimbo mbili. Ofisa wa wanyamapori akashuka mteremko, akanisalimia, akaomba leseni, akaangalia samaki, kisha akauliza fimbo ya pili ni ya nani. Nikamweleza kwa kujiamini kwamba Januari niliruhusiwa mbili. Akasema kweli, juu ya barafu ni mbili, maji yakiwa wazi ni moja. Aliniachia kwa onyo. Kile kitabu kidogo cha kanuni kinatolewa bure dukani na kwenye intaneti. Nilikuwa nimekitumia kuegemeza mguu wa meza.

Jioni hiyo nilimpigia mama kwa video kumwonyesha ndoo. Alikaza macho, akasogeza simu.

"Hao si furu?"

"Hapana mama, wanaitwa sanfishi."

"Mwanangu, umekwenda Marekani kuvua furu?"

Alicheka mpaka akaita majirani. Na kweli wanafanana na furu, wale samaki wadogo wa Ziwa Victoria, kwa umbo na kwa ukaidi wa miiba. Nilimwambia angalau mimi nimewaona furu wengi kwa pamoja, jambo ambalo kwetu lilianza kuwa hadithi baada ya sangara kupandwa ziwani miaka ya 1950 na kuja kuwamaliza karibu wote. Akanyamaza kidogo. Yeye anawakumbuka wale waliokaushwa wa utotoni.

Tuliwakaanga wazima, na ugali. Lakini mzee wa gati alinipa somo moja ambalo naliheshimu. Dume kubwa la sanfishi ndilo linalochimba kiota na kulinda mayai. Mkiyatoa madume makubwa yote, madogo yanaanza kuzaa mapema na hayakui tena, na baada ya miaka michache ziwa linajaa samaki wa ukubwa wa kiganja cha mtoto. Kiwango cha jumla cha jimbo wakati ule kilikuwa 20 kwa mtu, ila maziwa mengine yamewekewa 10 au 5, na tangazo linabandikwa pale pa kushushia boti. Mimi huchukua wa kati kumi, nawarudisha wakubwa, na roho huuma kila mara. Na minyoo iliyobaki usiimwage ufukweni ukidhani unarutubisha ardhi, kama nilivyokuwa nikifanya. Misitu ya huku haikuwa na minyoo ya asili tangu barafu ya zamani. Hii iliyopo ililetwa, na inaharibu sakafu ya msitu. Itupe kwenye taka.

Boti ilirudi siku tatu kabla ya ufunguzi wa msimu wa wolai, samaki wa jimbo tangu 1965. Mwaka huo ulikuwa Jumamosi ya Mei 13. Huku siku hiyo ni kama sikukuu, hata gavana hushuka na fimbo, desturi ya tangu 1948. Sikutaka msongamano wa asubuhi. Nilikuwa nimeshajua kwamba wolai ana utando machoni unaokusanya mwanga, macho yanawaka kwenye tochi kama ya sangara, na kwa hiyo anatoka kula jua likizama. Hatimaye samaki mwenye akili ya kwetu.

Jumapili yake ilikuwa Siku ya Akina Mama, na wikiendi hiyo mama mkazi wa jimbo huruhusiwa kuvua bila leseni. Nikamwomba mke wangu anisindikize. Alikubali kwa sharti la kukagua mwenyewe. Akasimama kwenye zege na orodha aliyoiandika nyuma ya risiti: jaketi lake, jaketi langu, simu kwenye mfuko usioingia maji, chupa ya chai, nguo kavu ndani ya gari. Halafu akanyoosha mkono, nikampa kizibo, akakikaza kwa vidole vyake na kukivuta mara mbili kuhakikisha. Siku hizi kinakaa kwenye ufunguo wa gari, kwa kamba nyekundu.

Tulisubiri mpaka miti ya magharibi ikawa myeusi tupu. Mimi nilipata mmoja, inchi 15. Yeye, aliyekuwa hajashika fimbo maishani, aliyelalamika kwamba chambo kinanuka, alipata wa inchi 19, akamshika kwa kitenge kwa sababu hakutaka kumgusa, na akaniambia nisimsaidie.

Jumatatu asubuhi, kabla sijavua viatu vya kazini, aliniuliza leseni ya mume na mke ni bei gani. Dola 40, nikamwambia, badala ya 50 mkikata mmoja mmoja. Akaleta pochi. Ikabidi nimweleze kwamba mimi nilishakata yangu peke yangu tangu Aprili. Aliandika nyuma ya ile risiti yake, chini ya "nguo kavu": dola kumi, Baba Neema.